Waliita jina langu mara tatu

Mara ya kwanza sikusikia. Mara ya pili nilisikia vizuri kabisa, nikaendelea kusoma. Mara ya tatu muuguzi alitoka hadi mlangoni, faili mkononi, akalisoma jina lote, la kwanza, la kati na la ukoo, kwa sauti ya mtu anayeita majina tangu asubuhi. Mama mmoja mtu mzima tuliyekaa naye benchi moja akanigusa goti.

"Mwanangu, si wewe unaitwa? Nimeliona hilo jina kwenye kadi yako."

Nikainuka, nikamwomba muuguzi radhi, nikaingia. Nikapimwa presha, nikaandikiwa dawa, nikaambiwa nirudi baada ya mwezi. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikuiwaza presha. Niliwaza kwamba jina langu limeitwa mbele yangu, nami nikadhani anatafutwa mtu mwingine.

Nina miaka 46. Tangu binti yetu azaliwe, miaka 21 iliyopita, mimi ni Mama na jina lake. Majirani wananiita hivyo, mume wangu ananiita hivyo, na anavyolitamka nayasikia mapenzi yake. Kwa wadogo zangu ni Dada, kwa watoto wao ni Shangazi na Mama Mkubwa. Kazini ni Mhasibu, hata kwenye meseji: "Mhasibu, ile hati imefika?" Sina ugomvi na jina hata moja kati ya hayo. Lakini lile nililopewa nilipozaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho, benki na zahanati. Limekuwa jina la kuonyeshea makaratasi.

Kitabu kilichonishika siku ile pale kwenye benchi kilikuwa wasifu wa Siti binti Saad, ule aliouandika Shaaban Robert. Nilikuwa na miezi kadhaa nasoma maisha ya wanawake. Binti yetu alikuwa ameondoka kwenda kusoma, na saa za jioni ambazo miaka yote zilikuwa za kwake zikabaki mikononi mwangu. Niliazima kitabu cha kwanza kwa sababu tu kilikuwa chembamba. Cha pili nilikitafuta. Cha tatu nilikisoma hadi saa nane ya usiku, na kesho yake nikaenda kazini macho yakiwa mekundu lakini moyo umechangamka.

Niseme ukweli nilichokuwa nakitafuta humo. Niliamini kwamba chini ya majina yote ninayoitwa, yupo mimi wa kweli, amefukiwa kama sarafu kwenye majivu, na kwamba wanawake mashuhuri ni wale waliofukua sarafu zao mapema. Nikisoma jinsi walivyofanya, nami nitajua pa kuanza kuchimba. Baada ya siku ile ya zahanati, swali langu likawa jembamba zaidi. Kila kitabu nilikifungua nikiuliza: huyu aliitwaje, na nani, naye akalifanyia nini jina hilo?

Siti ndiye aliyenivuruga. Kwa sababu jina alilozaliwa nalo, kule Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, lilikuwa Mtumwa.

Nilikuwa nalijua jambo hilo kama watu wengi wanavyolijua, juujuu. Safari hii nilikaa nalo. Mtoto anazaliwa katika ukoo uliopitia utumwa, na neno linalotaja hali hiyo anabandikwa kuwa jina. Anakua akifinyanga vyungu, kazi aliyoirithi kwa mama yake, anavipeleka mjini kuviuza, na inasimuliwa kwamba alivitangaza kwa kuimba, sauti ikitangulia mzigo. Mwaka 1911 anahamia mjini. Anajifunza kuimba na wapiga ala, anaingia kwenye majumba ya wakubwa kama mwimbaji, na huko ndiko jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, linakomjia. Mwaka 1928 anavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake za Kiswahili kwenye santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Huku nyumbani waliomwonea kijicho walimtungia wimbo wa kumwuliza amekuwa mtu tangu lini, na kama si hiyo sauti angekula nini.

Kuwa mtu tangu lini! Niliusoma mstari huo nikiwa jikoni, nikakaa chini. Naye aliwajibu kwa wimbo pia, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Hakusema yeye ni mzuri. Hakudai nasaba. Aliikataa mizani yao nzima akaweka nyingine.

Sasa, kama mimi wa kweli ni yule wa jina la kwanza, basi Siti wa kweli ni Mtumwa, na Siti ni pambo lililokuja baadaye. Nani awezaye kulisema hilo na kulimaanisha? Nilijaribu kulisema kwa sauti, likanikataa mdomoni. Jina lake ni lile alilolifanyia kazi. Sarafu yangu ya kwenye majivu ikapotea hapo, nami sikujua niweke nini mahali pake.

Nikamrudia Salme. Kitabu chake si wasifu, ni tawasifu, amejisimulia mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mfupa huo nauona kila nikifunga macho: mpana, mweupe, wino ukiteleza pembeni, na mtoto ameinama juu yake akisikiliza kama kuna nyayo zinakuja. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli, ana mimba ya mfanyabiashara Mjerumani. Aden alibatizwa akawa Emily, akaolewa akawa Ruete, akaishia Hamburg kwenye baridi, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, amemwachia watoto watatu wadogo na lugha ambayo bado ilikuwa ngeni kwake. Mwaka 1886 alichapisha habari za maisha yake kwa lugha hiyohiyo.

Nilitamani achague. Nilipokuwa msomaji wa kuchimba ningemtaka arudi kuwa Salme. Hakurudi, na hakumwacha Salme pia. Alipofariki mwaka 1924 alikutwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Ugenini kote amebeba mchanga. Mtu anayeitwa Emily ndiye aliyeutunza mchanga wa Salme, na sioni ni yupi kati yao wa bandia.

Wangari Maathai nilimsoma polepole kuliko wote, kalamu mkononi. Jina la Wangari alipewa alipozaliwa mwaka 1940. Shuleni akawa Mary Josephine. Marekani alikokwenda kusoma biolojia akawa Mary Jo. Aliporudi Kenya mwaka 1966 alikuwa amekwisha kuamua kwamba yeye ni Wangari Muta, kama mwanzo. Hapo nilifurahi, nikaona huyu ndiye mchimbaji niliyemtaka. Kisha akaolewa, akachukua jina la mume, Mathai, akajulikana nalo, akapata shahada ya uzamivu nalo mwaka 1971. Ndoa ikavunjika mahakamani mwaka 1979, kwa aibu ya hadharani, na aliyekuwa mumewe akamtaka aliache jina lake.

Alichofanya kinajulikana: aliongeza herufi a. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukiandika ni kingine. Nilichukua karatasi nikaandika Mathai, chini yake nikaandika Maathai. Nikaliangalia kwa muda mrefu. Miaka yote ile ya ndoa, watoto watatu, makala za kisayansi zenye jina lile, yote yamo humo, hayakufutwa. Na herufi moja imeingizwa katikati kama kabari, jina halimrudii tena mtu mwingine yeyote. Alieleza kwamba hakuwa kitu cha kubadilishwa jina kila kinapopata mwenyewe mpya. Kwa jina hilo la kabari aliendelea kupanda miti, akapigwa, akafungwa, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mtu mwingine atasema ni herufi tu. Mimi ni mhasibu, najua nguvu ya tarakimu moja kukaa mahali pake.

Kuna wasifu ambao sikuuweza. Ni ule mfupi wa kurasa chache, wenye picha, ambao kila mwanamke ni "wa kwanza" wa jambo fulani na kisha basi. Wa kwanza kuruka, wa kwanza kuhitimu, wa kwanza kuapishwa. Nilisoma kadhaa mwanzoni nikajiona mdogo mno, maana mimi si wa kwanza wa chochote isipokuwa kwa mama yangu. Wasifu mnene haunifanyi hivyo. Marie Curie wa kurasa chache ana Nobel mbili za sayansi, ya 1903 na ya 1911, nami nina kiti na meza. Marie Curie wa kurasa mia nne ana daftari la kuandika meno ya mwanawe yanavyoota, ana hesabu za matumizi ya nyumbani, na ana hasira tulivu ya mtu ambaye Poland yake imetawaliwa na wengine, kiasi kwamba mwaka 1898 anapogundua elementi mpya pamoja na mumewe anaiita polonia, kwa jina la nchi ambayo wakati huo haikuwa dola. Mtu aliyebatizwa jina na wengine amepata nafasi ya kukibatiza kitu, na hivyo ndivyo alivyoitumia. Kwenye sahihi zake Skłodowska lilibaki, limekaa ubavuni mwa Curie.

Bibi Titi Mohamed nitamtaja kwa kifupi, si kwa sababu ni mdogo, ila kwa sababu kila nikianza habari zake nashindwa kunyamaza. Mwimbaji wa ngoma aliyewaingiza wanawake wa Tanganyika kwenye TANU kwa maelfu kuanzia mwaka 1955. Baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha, na kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini, kama lilitajwa. Leo ni barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam. Nani anajua ni wangapi kwa siku wanaolitamka wakishuka au wakielekezana njia. Nafikiria jinsi jina linavyoweza kukaa kimya muda wote huo bila kufa.

Na sasa Katherine Johnson, ambaye amenigusa mahali pa kazi.

Alikuwa mwanahisabati kule Langley, Virginia, kwenye shirika lililokuja kuwa NASA, Mmarekani mweusi katika nchi iliyotenga hata vyoo kwa rangi. Wanawake waliokokotoa namba hawakuandikwa kwenye ripoti. Ripoti zilikuwa za wahandisi. Mwaka 1960 mhandisi aliyekuwa akifanya naye kazi alikuwa anahama, ripoti ya hesabu za njia ya chombo angani haijaisha, naye akasema Katherine aimalize, kwani kazi kubwa ilikuwa yake. Akaimaliza, na jina lake likachapwa juu, mwanamke wa kwanza wa kitengo kile kuandikwa mwandishi wa ripoti. Miaka miwili baadaye, John Glenn kabla ya kurushwa kuizunguka dunia alitaka namba za kompyuta zihakikiwe kwanza kwa mkono, na alimtaja anayemtaka ahakiki kama "yule msichana". Msichana huyo alikuwa na miaka 43, mama wa mabinti watatu.

Nilifunga kitabu nikafungua kompyuta. Kwa miaka 11 naandaa ripoti ya fedha ya mwaka pale ninapofanya kazi. Najua kila mstari wake. Najua mwaka gani hesabu zilikataa kulingana kwa tofauti ndogo isiyotosha hata nauli, nikakaa siku tatu kuitafuta, nikaikuta kwenye stakabadhi iliyoandikwa mara mbili. Nilishuka hadi ukurasa wa mwisho wa kila ripoti, moja baada ya nyingine. Kwenye nafasi ya "Imeandaliwa na" paliandikwa "Idara ya Fedha". Mara 11. Na mwandishi wa maneno hayo ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha, niliikuta ripoti ya mtangulizi wangu hivyo nikaendeleza.

Wiki ile ile nilimwendea mkuu wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja, mikono imelowa jasho. Nikamwambia naomba mwaka huu, pale pa mwisho, niandike jina langu. Akaniangalia. "Kwani halikuwa linaandikwa?" Nikamwonyesha. Akafungua mbili tatu mwenyewe, kimya, kisha akasema, "Andika. Na hizi za nyuma zinasikitisha." Hilo neno la mwisho sikulitarajia, na nilipotoka nilisimama kidogo kwenye korido kabla ya kurudi mezani.

Nilidhani habari yangu inaishia hapo. Ingekuwa hivyo kama nisingemsoma Harriet Tubman.

Habari zake nyingi mnazijua: alivyotoroka utumwa huko Maryland mwaka 1849, alivyorudi mara kama 13 kuwatoa watu wapatao 70. Ambalo mimi sikulijua ni kwamba alizaliwa Araminta, wakimwita Minty, na alipokuwa mtu mzima akajiita Harriet. Harriet lilikuwa jina la mama yake. Mama aliyewahi kumficha mwanawe mdogo wa kiume kwa wiki kadhaa asiuzwe, na walipokuja kumchukua akasema wa kwanza kuingia atapasuliwa kichwa. Binti akalichukua jina la mama huyo akalivaa maisha yake yote.

Nikajiuliza kama ningeweza kulivaa jina la mama yangu. Na hapo ndipo nikakumbuka anaitwaje.

Mama yangu anaitwa Mama na jina langu.

Mimi ndiye kifungua mimba wake. Kwa miaka 46 majirani, wakwe, wenye maduka, mawifi, marehemu baba, wote wamemwita kwa jina langu. Lile nililokuwa nalililia kwamba limesahaulika kwenye kadi ya zahanati linatamkwa kila siku ya Mungu, mara nyingi kwa siku, kwenye kizingiti cha mama yangu. Linatamkwa likiwa limekaa juu ya la kwake. Nilikuwa nahesabu nilichofunikwa, sikuwa nimehesabu nilichokifunika.

Nilimpigia jioni hiyo hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Presha yako?"

"Imeshuka. Mama, ulipokuwa msichana walikuwa wanakuitaje?"

"Si jina langu."

"Hapana, wenzako. Mkiwa wenyewe."

Akakaa kimya muda mrefu hadi nikaangalia kama simu imekatika. Kisha nikamsikia anacheka, cheko ambalo silijui, dogo, la puani.

"Upepo," akasema. "Walikuwa wananiita Upepo."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema alikuwa anakimbia. Sikuwahi kusikia. Mama yangu, ambaye namjua kwa magoti mabaya na mwendo wa kushika ukuta, alikuwa hashikiki, wasichana kwa wavulana. Shuleni walipanga mbio wakamwacha aanze nyuma ya wenzake kwa hatua kumi, na bado aliwapita. Alisimulia jinsi alivyokuwa akivua viatu na kumpa rafiki yake amshikie, kila mara rafiki huyohuyo, na jinsi ardhi ilivyokuwa ya moto asubuhi ikiwa bado haijafika saa nne. Alikumbuka hata upande ambao jua lilikuwa linampiga usoni kwenye kona ya mwisho. Nikamwuliza aliacha lini. Akasema hakumbuki kuacha. Siku moja tu hakukuwa na mtu wa kumwita hivyo tena, wengine wameolewa, wengine wamehama, yeye mwenyewe ana mimba yangu.

"Unaumia mama, kuitwa kwa jina langu?"

"Naumia nini? Nilikuwa nalisubiri jina hilo. Nililichagua mimi." Akatulia. "Lakini hilo jingine ni tamu pia."

Nikamwomba ruhusa ya kumwita hivyo. Akasema si mbele za watu, na si kila siku, mara mojamoja.

Jumapili iliyofuata nilipiga tena. Simu ilipopokelewa sikuanza na salamu. Nilisema tu, "Upepo!"

"Abee!" akaitika, papo hapo, kwa sauti nyembamba ya msichana aliyeitwa kutoka upande wa pili wa uwanja.